Fremu ya Shivachi Haiendi Mbeya

Muhonja,

Ukifunua turubai nyumbani asubuhi, utakuta baiskeli iliyo chini yake si ile uliyoniachia bandani nikukazie nati. Magurudumu ni yale yale, kiti ni kile kile, mifuko yako yote iko mahali pake, hata kengele nimeihamisha. Kilichobadilika ni fremu. Ile nyeusi ya baba yako mdogo Shivachi nimeitoa. Hii ya kijivu nimeiunda kwa mikono yangu, na rangi yake bado inanuka, kwa hivyo usiiegemee na nguo ya safari. Barua nimeifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira ili usiondoke kabla hujaisoma. Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma kwanza.

Sitakuambia mambo ya pasipoti wala dawa za malaria, maana mama yako amekuimbia hayo wiki nzima mpaka kuku wetu wanayajua. Una miaka ishirini na minne, umepata kazi yako Mbeya, na umeamua kufika huko kwa kukanyaga pedali mwezi mzima badala ya kupanda basi kama watu. Nilikuuliza mara moja kwa nini. Ukasema, "Baba, nataka kujua ni mbali kiasi gani." Ninachotaka kukueleza ni habari ya chuma, na ya uzito, na jambo nililomfanyia ndugu yangu ambalo hata mama yako halijui.

Ninaandika hapa bandani Khayega. Mvua ya saa tisa imeanza, watu wa boda boda wamejibanza kwenye baraza za maduka, na hakuna mteja. Fremu nyeusi nimeirudisha kwenye ndoano yake, kona ile ya nyuma. Nilikuwa nimekaa nimeipa mgongo, halafu nikaona si vizuri, nikageuza kiti. Sasa tunatazamana.

Ulikuwa na miaka saba Shivachi alipokufa. Unakumbuka mabega yake, kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukipanda, na sijui kama unakumbuka vile alivyokuwa akikaa. Alikuwa akishika kiti kwanza, anakitikisa kidogo, kisha anajishusha polepole kama anayeomba ruhusa. Alikuwa ameshavunja viti vya watu wawili watatu na hakuna aliyemwacha asahau. Mlimwita baba mdogo, na mwili wake ulikuwa wa akina baba wawili. Na mtu huyo, Muhonja, ndiye aliyesafiri kwa baiskeli kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kila Disemba alifunga mifuko miwili ya gunia kwenye keria, akatia sufuria, blanketi na Biblia, akaenda. Chekalini kwa rafiki zake, Kitale, Kapenguria, mara moja akavuka mpaka hadi Soroti. Akirudi hakuwa na hadithi nyingi. Alisema tu, "Nilifika."

Wewe umechukua mwili wake na miguu yake isiyotulia. Ndiyo maana uliponiambia habari ya Mbeya nilikujibu vibaya. Nilisema, "Punguza kwanza kilo ishirini ndio tuongee mambo ya fremu." Uliosha sahani yako, ukatoka nje. Hukujua kwamba nilishamwambia mtu mwingine maneno hayo hayo, na kwamba nilipoyasikia tena mdomoni mwangu nywele zilinisimama.

Mwaka ule wa mwisho Shivachi alikuja hapa akaniambia, "Ndugu, hii baiskeli ikiteremka na mzigo, kichwa kinatetemekanga sana." Fundi mwenye akili angeuliza mzigo umefungwa wapi. Angeikagua fremu bomba kwa bomba. Mimi nilikuwa na watu wamekaa hapa wakinywa chai, nikataka kuwachekesha. Nikasema, "Si kichwa kinachotetemeka, ni tumbo. Punguza mwili." Wakacheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Shivachi akacheka kuwashinda wote. Alikuwa amezoea kucheka haraka ili yaishe.

Alirudi baada ya mwezi, siku ya Ijumaa. Alinionyesha tu kwa kidole. Palikuwa na ufa chini ya lile bomba nene linaloshuka kutoka kichwa cha fremu kwenda kwenye pedali, mwembamba kama unywele, na kutu kidogo imetoka ndani yake. Kazi ya ufa kama huo naijua usingizini. Unakata, unaingiza kipande cha bomba lingine ndani, unaunganisha kwa gesi na shaba, unaacha ipoe yenyewe bila kuimwagia maji. Ni siku nzima. Nikamwambia aje kesho saa tatu aone kazi imefika wapi.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na fahali wa ukoo wetu alikuwa anapigana Shinyalu. Unajua mwenyewe vile ngoma ya isukuti ikipita barabarani alfajiri. Watu wanakimbia na matawi, fahali yuko katikati, vumbi, filimbi, na wewe umesimama na miwani ya kuchomelea kichwani. Mayi! Moyo ulinitoka. Nikawasha mashine ya kuchomelea kwa stima, nikaupitishia ule ufa juu juu kwa dakika kumi na tano, nikaumwagia maji upoe haraka, nikausugua ukawa laini, nikapaka rangi nyeusi. Stima kwenye bomba jembamba inaacha chuma kigumu na chepesi kuvunjika pembeni mwa mshono. Hilo nalijua tangu nikiwa mwanafunzi. Shivachi alipokuja nikamwambia nimetia bomba ndani. Akapapasa pale kwa kidole gumba, akasema, "Asante ndugu, sasa naweza kwenda mbali." Nikafunga banda nikakimbilia Shinyalu. Fahali wetu aligusa pembe mara mbili tu, akageuka akakimbilia kwenye mahindi ya watu.

Wewe uliambiwa kwamba baba yako mdogo alibanwa na lori la miwa. Hakukuwa na lori. Lori nililitunga mimi, na katika nchi hii ya miwa hakuna mtu anayeuliza ni lori gani. Alikuwa anarudi nyumbani, anateremka kutoka Chavakali kuelekea daraja la mto Yala, na bomba likakatika pale pale pembeni mwa mshono wangu. Mwenye duka pale barabarani alikuwa ameiweka baiskeli nyuma ya duka lake. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nikaomba vipande vya mpira wa tyubu na kijiti, nikapafunga mahali palipovunjika, nikazungusha na kuzungusha mpaka hakuna mtu angeona kitu. Mwenye duka akaniuliza, "Unaifunga ya nini?" Nikasema ili isukumike.

Sasa hili la pili, ambalo ni baya zaidi.

Mtu wetu akifa barabarani hatumwachi huko. Ulikuwa mdogo, hukuja. Siku moja baada ya mazishi tulikwenda watu watano pale mteremkoni, na senge yangu Khasiala, dada ya baba yangu, akatuongoza na tawi la mti wa lusiola mkononi. Alitupa masharti kabla hatujatoka. Marehemu akishaitwa na kuitika, hakuna kusema neno, hakuna kusimama, hakuna kugeuka nyuma, mpaka kaburini. Mimi ni mtu wa kanisa na najua mchungaji angesema nini. Nilikwenda hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa ndugu yangu na kwa sababu niliogopa kubaki.

Ilikuwa mchana, saa saba, jua kali na hakuna upepo hata kidogo. Senge akauliza baiskeli yake iko wapi. "Huyu hatembei na miguu," alisema. "Alikuja na baiskeli, ataondoka na baiskeli." Wakanipa mimi niisukume. Senge akalifunga tawi kwenye keria, akarudi nyuma hatua mbili, akaita bila kupaza sauti, vile unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. "Shivachi. Twende nyumbani."

Nilikuwa nimejaza tairi la nyuma mwenyewe asubuhi ile. Nililiona likishuka. Halikutoa upepo, halikutoa sauti. Lilibonyea polepole, kidogo kidogo, jinsi tairi linavyobonyea mtu mzito anapokaa kwa adabu. Baiskeli ikawa nzito mikononi mwangu. Senge akanipa ishara, tukaanza kupanda.

Kutoka Yala hadi Sigalagala ni mlima, Muhonja, kesho utauteremka. Nilisukuma baiskeli ile isiyo na kitu ila tawi, na jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Wenzangu waliniangalia, hawakuweza kuniuliza. Mbwa walituona wakaingia chini ya magari. Pale Sigalagala mtu mmoja alizima redio. Na nyuma yangu, karibu kabisa na shingo, nilimsikia akihema kwa mdomo, vile alivyokuwa akihema mlimani. Sikugeuka. Nataka ujue kwamba hilo angalau nililishika.

Tulipokaribia Khayega nikaanza kuwaza. Nyumbani wazee walikuwa wanatungoja, na mmoja wao alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea kiwandani miaka mingi. Angekata ile mipira, angetazama mshono mara moja, angejua yote. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuona tena. Nikawaonyesha wenzangu tairi la nyuma kwa kidole, kana kwamba nataka kulitia upepo, nikakata kona nikaingia hapa bandani peke yangu. Nikalifungua tawi kwenye keria, nikaiegemeza baiskeli kona ile. Na mdomo wangu ukasema, kwa mazoea tu, vile nilivyokuwa nikimwambia kila akija kunitembelea na mimi nina haraka ya kwenda mahali. "Nisubiri hapa, narudi sasa hivi."

Tairi likainuka. Likajaa lenyewe kama lilivyokuwa asubuhi.

Nilifunga mlango nikakimbia na tawi mkononi. Lilikuwa jepesi, ni majani tu. Senge Khasiala aliniangalia mikono, akaniangalia uso, na kwa kuwa masharti yalikuwa masharti hakusema kitu. Tukalichomeka kaburini. Lusiola unaijua, hata ukiifanya nguzo ya ua inachipua. Ile ilikauka kabla ya wiki kwisha.

Nilirudi bandani baada ya matanga, nikakata fremu ile pale palipovunjika, nikafanya ile kazi iliyotakiwa kufanywa mwanzo. Bomba ndani, gesi, shaba, siku tatu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya nikilia kama mtoto. Kisha nikaitundika. Kwa hivyo usidhani nakunyima kwa sababu ya chuma. Chuma chake ni kizima.

Unajua mwenyewe kwamba baiskeli ya mteja ikilala kona ile, asubuhi tairi la nyuma liko chini. Umenicheka mara nyingi ukisema nanunua tyubu mbovu. Natoa tyubu, naitia majini, hakuna tundu. Usichojua ni kwamba mwaka juzi aliingia mama mmoja, mgeni kabisa hapa, kuulizia baiskeli ya mtoto wake. Akanisalimia. Kisha akageukia kona akasalimu na huko, kwa heshima, "Habari yako, mzee." Akangoja. Halafu akanisogelea akaninong'oneza, "Huyu ndugu yako hajisikii vizuri? Anahema sana." Hakuna aliyemwambia kwamba nina ndugu. Na leo, kabla sijaanza kuandika, niliitundika fremu peke yake kwenye ile mizani ya ndoano. Mshale ulikaa kwenye kilo nne, ukatulia. Halafu ukaanza kushuka polepole, ukijaribu kwanza, mpaka ukafika mwisho wa namba. Nikasema, "Shivachi." Mshale ukarudi juu haraka, kama mtu aliyeona haya.

Ulipoitoa kwenye ndoano mwezi uliopita ukasema ndiyo hii, nilipaswa kukuambia siku ile. Hoja zako zilikuwa za mtu anayejua, nikajivunia badala ya kusema ukweli. Ulisema mtu mwenye mwili wako hatafuti fremu nyepesi, anatafuta inayomaliza safari. Ulisema chuma kikipata shida kinakunja kwanza, kinakupa onyo, na fundi wa kukishona yuko kila soko kutoka hapa hadi Mbeya. Kweli tupu. Nikakusaidia kufunga mikoba.

Jumamosi iliyopita ukaijaribu na mzigo wote, ukaenda hadi Shieywe kwa rafiki yako ukarudi hapa unacheka. "Baba, inaenda vizuri, lakini njia yote nimehisi kama nimempa mtu lifti. Pale mlimani nikamwambia, si ushuke usukume kidogo! Na wee, ikawa nyepesi." Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya banda nikashika ukuta. Alishuka, Muhonja. Umemwambia ashuke akashuka. Bado anasikia anachoambiwa, na mimi nilimwambia asubiri.

Jumanne nilikwenda kwa senge Khasiala. Haoni vizuri siku hizi lakini maneno yake hayajapungua. Nilimweleza yote, ya stima, ya fahali, ya lori, ya tawi. Kisha akasema, "Wewe ulimwambia asubiri?"

"Ndiyo, senge."

"Na Shivachi alikuwa anasikianga mtu kuliko nyinyi wote." Akapiga goti lake kwa kiganja. "Miaka kumi na saba! Mtu amekaa anakungoja urudi, na wewe unaingia hapo kila siku unafungua redio! Hata kuku huwezi kumfanyia hivyo."

Nikamuuliza nifanye nini, maana mtoto anaondoka na ile fremu. Hapo ndipo aliposimama. Sijamwona akisimama bila fimbo miezi mingi. "Akienda nayo Mbeya, ataenda na mtu. Atambeba mpaka nchi ya watu, na huko hakuna anayejua jina lake la kumwitia. Wewe ndiye ulimsimamisha. Mwondoe wewe."

Kwa hivyo tangu Jumanne nimekuwa nikikuundia fremu hii, na ukija hapa nakuambia niko na kazi ya mteja. Nilikupima mwenyewe, ile siku nilipojifanya natafuta futi yangu. Sikumwundia mtu mwenye kilo ishirini pungufu. Nimekuundia wewe. Bomba linaloshuka ni nene na ukuta wake ni mzito, maana hapo ndipo mwili na barabara vinapogombana. Nyuma nimeirefusha, ili visigino vyako visigonge mifuko na uzito wako ukae katikati ya magurudumu, usikae juu ya gurudumu la nyuma peke yake. Kila kiungo nimekifanya kwa gesi. Spoki za nyuma ni zile zile arobaini. Nimeijaribu na gunia zima la mahindi kwenye keria na mimi juu, nikateremka hadi mtoni nikiwa nimeachilia mkono mmoja, na watu wa Khayega sasa wanasema nimerukwa na akili. Haikutetemeka.

Ikija kutetemeka siku moja, usisikie mtu atakayekuambia ni mwili wako. Hamisha mzigo kidogo uende mbele. Bana lile bomba la juu kwa magoti mpaka itulie, kisha usimame uangalie. Ukiifuta vumbi, pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka, nyuma tu ya kichwa, na uigonge fremu kwa kijiko. Nzima inalia, yenye ufa inajibu kama chungu kibovu. Na ukilazimika kutafuta fundi huko mbele, usimtazame mashine zake, mtazame yeye. Ukimwona anachungulia barabarani, au anakupa majibu ya kuchekesha watu, chukua baiskeli yako ulale hapo mpaka umpate mwingine. Kama mtu angemshauri Shivachi hivyo juu yangu, angekuwa hai.

Nimetaka kukuomba msamaha kwa neno la kilo ishirini na nimeshindwa mezani kwa wiki kadhaa. Nisamehe. Lile la Shivachi siwezi kukuomba wewe unisamehe kwa niaba yake, ingawa alikupenda sana na ulikuwa na haki ya kujua mapema. Kama nimechelewa kukuambia hadi leo ni kwa sababu niliogopa kwamba utaniangalia mikono, vile senge alivyoniangalia.

Sasa ya kesho. Usinitafute nyumbani. Nitakuwa nimetoka kabla hujaamka, nije hapa bandani. Fremu nyeusi nitaitia magurudumu ya zamani, nitafunga tawi la lusiola kwenye keria, nitamwambia Shivachi nimerudi. Kisha nitaisukuma kupitia barabara ya Shinyalu mpaka nyumbani, mpaka kaburini. Senge atakuwa hapo, na wazee nimewaita, na nikishamfikisha nitawaambia wote kilichotokea, na mama yako pia. Wakitaka kunifukuza kwenye vikao vyao wanifukuze.

Wewe utakuwa unatoka nyumbani saa moja, unakuja Khayega kwa barabara hiyo hiyo. Kwa hivyo tutapishana. Utaniona kwa mbali nikisukuma baiskeli tupu kwa shida, mwili umeinama, na utataka kusimama. Usisimame. Usinisalimie, usipige kengele, usiniite Baba. Sitaitikia. Nilimsimamisha ndugu yangu njiani mara moja kwa ajili ya aibu yangu, na kesho sitamsimamisha hata kwa ajili yako, na hakuna mtu duniani ambaye ningetamani kusimama kwa ajili yake kuliko wewe.

Ukishanipita sitaruhusiwa kugeuka kukuangalia ukienda. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja tu. Ukiniona, punguza mwendo, njoo polepole, na uje umeinua uso, ili nipate kukuona vizuri mpaka utakaponifikia.

Baba yako